Sura ya Tano: Tumbo Linalojaa na Tumbo Lisilopungua

Kujaa kwa tumbo ni lalamiko ambalo karibu kila mtu mzima hulipata wakati fulani, na kwa sababu hiyo hiyo ndilo linalopuuzwa kwa wepesi zaidi, na mgonjwa mwenyewe na wakati mwingine hata na mhudumu anayemsikiliza. Ndani yake mna hali mbili ambazo tabibu hana budi kuzitenganisha. Ya kwanza ni hisia tu: mtu huona tumbo limekaza na limebana, kana kwamba ameshiba kupita kiasi, ingawa likipimwa kwa utepe halijaongezeka hata kidogo. Ya pili ni uvimbe unaoonekana kwa macho, ambapo suruali iliyofungwa vizuri asubuhi haifungiki tena jioni. Hali hizi mbili zinaweza kuja pamoja au kila moja peke yake, na zote huweza kutokea kwa mtu asiye na ugonjwa wowote wa hatari. Hata hivyo, tofauti inayostahili kuzingatiwa kuliko zote ni ile ya mwenendo: tumbo linalojaa baada ya chakula na kunywea usiku, hata likifanya hivyo kwa miaka mingi, aghalabu halifichi maradhi makubwa, ilhali tumbo lililojaa likabaki limejaa, au linaloongezeka wiki baada ya wiki, linapaswa kuchunguzwa hata kama haliumi.

Lawama ya kwanza kwa kawaida huelekezwa kwenye gesi, na si kosa kuanzia hapo, mradi ijulikane kiasi chake. Utumbo wa mtu mwenye afya ambaye hajala kwa saa kadhaa huwa na gesi isiyozidi glasi moja, yaani takriban mililita 200, na katika siku nzima mtu hutoa kwa njia ya haja kubwa kati ya nusu lita na lita moja na nusu, kwa awamu ambazo zinaweza kufika 20 bila kuwa dalili ya ugonjwa. Zaidi ya asilimia 99 ya gesi hiyo ni naitrojeni, oksijeni, kaboni dayoksaidi, haidrojeni na methani, ambazo hazina harufu yoyote. Harufu hutokana na misombo ya salfa iliyomo kwa kiasi kidogo mno. Naitrojeni na oksijeni huingia hasa pamoja na hewa inayomezwa, na anayekula kwa haraka, anayezungumza huku anatafuna, anayevuta sigara au anayetafuna ubani kutwa humeza hewa nyingi zaidi. Haidrojeni na methani, kwa upande mwingine, hazitengenezwi na mwili wa binadamu hata kidogo, bali na vijidudu wanaoishi katika utumbo mpana, ambao huchachua mabaki ya chakula yaliyoshindwa kusagwa na kufyonzwa katika utumbo mwembamba.

Je, anayelalamika kujaa ana gesi nyingi kuliko jirani yake asiyelalamika? Jibu la swali hili liliwashangaza wengi lilipotolewa mwaka 1975 na daktari Michael Levitt na wenzake wa Minneapolis, Marekani, ambao walipitisha gesi ya argoni katika utumbo wa watu waliojitolea ili kuisukuma nje gesi yote iliyokuwemo na kuipima. Wastani wa wagonjwa na wa watu wenye afya ulikuwa karibu sawa, na kwa makundi yote mawili haukufika mililita 200. Kilichotofautiana ni mambo mengine: kwa wagonjwa gesi ilikuwa na tabia ya kurudi nyuma hadi kwenye mfuko wa tumbo, na kiasi cha argoni ambacho wenzao walikivumilia bila taabu kiliwasababishia maumivu. Tatizo, kwa maneno mengine, lilikuwa katika mwendo wa utumbo na katika wepesi wa mishipa yake ya fahamu kuhisi, wala si katika wingi wa gesi.

Uchunguzi uliofanywa baadaye huko Barcelona, katika hospitali ya Vall d'Hebron, ulikamilisha picha hiyo. Daktari Fernando Azpiroz na wenzake waliwapiga watu picha za CT wakati matumbo yao yalipokuwa yametulia na tena yalipokuwa yamefura, wakaona kwamba kwa wengi wao gesi ilikuwa imeongezeka kidogo tu, lakini diaframu, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ilikuwa imeshuka, na misuli ya mbele ya tumbo ilikuwa imelegea. Kwa kawaida mambo huwa kinyume: yaliyomo tumboni yakiongezeka, diaframu hupanda ili kutoa nafasi na misuli ya mbele hukaza. Mtu ambaye mwili wake umejizoeza kufanya kinyume cha kawaida hiyo bila yeye kujua huonekana kama mjamzito ifikapo jioni, ilhali hana kitu kipya tumboni. Hali hii hurekebishika kwa mazoezi ya kupumua na ya kuidhibiti misuli hiyo chini ya mwelekezi, na ndiyo moja ya sababu zinazofanya dawa za kuondoa gesi ziwavunje moyo watumiaji wake.

Haya yote hayamaanishi kwamba chakula hakina hatia. Maharage, kunde, choroko na mbaazi zina sukari zinazoitwa rafinosi na stakiosi, na mwanadamu, awe wa kabila lolote, hana kimeng'enya cha kuzivunja (kimeng'enya ni kemikali ya mwili inayokata chakula vipande vidogo ili kifyonzwe), hivyo sukari hizo hufika salama katika utumbo mpana na kuwa karamu ya vijidudu. Kuloweka maharage usiku kucha na kuyamwaga maji yake kabla ya kupika, kama wafanyavyo wapishi wengi, huondoa sehemu ya sukari hizo. Wale wanaopika kwa maji yale yale ya kulowekea wanapunguza muda wa kuni au mkaa bila kupunguza gesi. Wanga nao una siri yake: ugali, wali au viazi vilivyopoa hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa wa aina isiyosagika kwa urahisi, na kwa hiyo kiporo cha asubuhi kinaweza kumjaza mtu gesi kuliko chakula kile kile kilipoepuliwa jikoni. Aina hiyo ya wanga ina faida zake kwa afya ya utumbo, na hakuna sababu ya kukikimbia kiporo kilichohifadhiwa vizuri. Inatosha kujua kinafanya nini.

Maziwa yanahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapa watu wa Afrika Mashariki wametofautiana wao kwa wao. Sukari ya maziwa, laktosi, huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho laktasi, ambacho kila mtoto mchanga huzaliwa nacho, lakini kwa takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani kimeng'enya hicho hupungua sana baada ya utoto. Mtu wa namna hiyo akinywa maziwa mabichi au ya chai nzito, laktosi hubaki bila kuvunjwa, huvuta maji ndani ya utumbo na kuchachushwa, na matokeo yake ni tumbo kunguruma, kujaa na pengine kuharisha. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba miongoni mwa jamii za wafugaji kuna badiliko la vinasaba linaloifanya laktasi iendelee kutengenezwa ukubwani, na kwamba badiliko hilo lilizuka Afrika peke yake, tofauti na lile lililojulikana kwa watu wa Ulaya. Makadirio yao yaliweka mwanzo wake kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita, muda ambao kwa historia ya vinasaba ni mfupi sana. Kwa hiyo ndugu wawili wa mama mmoja wanaweza kunywa kikombe kile kile cha maziwa na mmoja tu akaumia, bila kuwapo uchawi wala udhaifu wa tumbo. Asiyeyaweza maziwa mabichi mara nyingi huyaweza maziwa mgando, ambayo Kenya huitwa maziwa lala, kwa kuwa bakteria walioyagandisha wamekwisha kuila sehemu ya laktosi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash huko Melbourne, Australia, wakiongozwa na Peter Gibson na Sue Shepherd, walikusanya mwaka 2005 vyakula vya namna hii vyote katika kundi moja lijulikanalo kwa kifupi cha FODMAP, yaani sukari na wanga mfupi unaochacha upesi, ukiwemo ule wa vitunguu, vitunguu saumu, ngano, maembe na matikiti. Kupunguza vyakula hivyo kwa wiki chache huwasaidia wagonjwa wengi, lakini mpango huo ulikusudiwa kuwa wa muda: vyakula hurudishwa kimoja baada ya kingine hadi kile chenye kosa kijulikane. Anayejinyima vyote kwa miezi, kama wanavyofanya baadhi ya watu waliousikia ushauri huu nusunusu, hujipunguzia lishe bila sababu. Katika mwezi wa Ramadhani, ambapo futari huweka mezani kwa mara moja mihogo, maharage ya nazi, tambi, kaimati na sharubati baada ya saa nyingi za kufunga, kula polepole na kwa awamu mbili huleta nafuu kubwa kuliko dawa yoyote.

Kukosa choo ni sababu nyingine ya kawaida, na husahauliwa kwa kuwa mgonjwa anayekwenda haja kila siku hajioni kuwa na tatizo hilo, ingawa huenda anatoa kidogo na kubaki na kingi. Daktari Denis Burkitt, ambaye alifanya upasuaji Uganda kwa miaka mingi kabla ya kurudi Uingereza, alijulikana sana katika miaka ya 1970 kwa kulinganisha vyoo vya wanavijiji wa Uganda na vya Waingereza na kuonyesha kwamba chakula chenye nyuzinyuzi nyingi hupita upesi zaidi utumboni na kutoa choo kikubwa na laini. Ajabu ni kwamba somo alilolipeleka Ulaya kutoka vijiji vya Afrika sasa linahitajika katika miji ya Afrika yenyewe, ambako unga wa sembe na mkate mweupe vimechukua nafasi ya dona, mtama na ulezi. Anayeongeza nyuzinyuzi na aziongeze kidogo kidogo pamoja na maji, kwani zikiongezwa ghafla zenyewe huleta gesi.

Dawa pia huchangia. Metifomini, inayotumiwa na wagonjwa wengi wa kisukari, hujaza tumbo hasa katika wiki za mwanzo. Vidonge vya madini ya chuma na dawa kali za maumivu hufunga choo. Vimelea viitwavyo giardia, vinavyopatikana katika maji machafu, huleta gesi yenye harufu mbaya, kubeua na choo cha mafuta kinachodumu kwa wiki kadhaa, na hutibika kwa urahisi vikitambuliwa. Pale ambapo maumivu ya tumbo yanayohusiana na kwenda haja hujirudia walau siku moja kila wiki kwa miezi mitatu, na mwanzo wake ukiwa miezi sita au zaidi iliyopita, pasipo dalili za hatari zitakazotajwa mbele, madaktari huita hali hiyo utumbo wenye kukereka, ugonjwa unaotesa kweli lakini usiougeuza utumbo kuwa saratani wala kufupisha maisha.

Bakteria aitwaye Helikobakta pailori, aliyegunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia na kuwapatia Tuzo ya Nobeli mwaka 2005, anastahili onyo la pekee, kwa sababu siku hizi kila tumbo linalojaa husingiziwa yeye. Ni kweli kwamba husababisha vidonda vya tumbo, lakini Waafrika wengi mno wanaye bila ya kuumwa chochote, na kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili zake hubaki chanya hata muda mrefu baada ya kupona, hivyo hakiwezi kuonyesha kama mtu anaye sasa. Kipimo cha choo au cha pumzi hufaa zaidi, mradi mgonjwa awe ameacha omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, kwa wiki mbili na viuavijasumu kwa wiki nne, vinginevyo jibu linaweza kuwa hasi la uongo. Hukumu kama hiyo inahusu kipimo cha Widal cha homa ya matumbo, ambacho kimewapa watu wengi wenye gesi ya kawaida jina la wagonjwa wa taifodi.

Sasa inafaa kuligeukia tumbo lisilopungua. Kitu cha kwanza cha kufikiria ni maji, ambayo hukusanyika katika nafasi iliyopo kati ya viungo na utando unaovifunika. Maji hayo hayaji kwa kunywa maji mengi. Hutokana na ini, moyo, figo au utando wenyewe kuugua. Ini lililojaa makovu, hali iitwayo sirosisi, huizuia damu itokayo utumboni isipite, na shinikizo linalozuka nyuma yake huyasukuma majimaji nje ya mishipa. Wakati huo huo ini hilo hushindwa kutengeneza albumini, protini inayoyashikilia majimaji ndani ya damu. Miguu huvimba, mikono na mashavu hukonda, na tumbo huwa kubwa, kiasi kwamba familia inaweza kumsifu mgonjwa kuwa amenenepa wakati mwili wake unaisha.

Katika Afrika Mashariki makovu hayo yana vyanzo kadhaa. Pombe ni kimoja, lakini homa ya ini aina ya B ni kikubwa zaidi kuliko wengi wanavyodhani: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 254 duniani waliishi nayo mwaka 2022, na wengi wao hawakujua. Chanjo yake iliingizwa katika ratiba ya watoto wa Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni, na kipimo cha damu cha kuitafuta ni cha bei nafuu kulinganisha na gharama ya kuchelewa. Chanzo kingine ni kichocho cha matumbo, kinachowapata hasa wavuvi, wachota maji na watoto waogeleaji wa pwani za Ziwa Victoria na Ziwa Albert. Mayai ya minyoo yake hubebwa na damu hadi kwenye ini na kukwama humo, na makovu yanayoyazunguka huiziba njia ya damu polepole kwa miaka mingi, hadi bandama livimbe na mgonjwa aweze hata kutapika damu. Kichocho cha mkojo, kilichoenea Unguja, Pemba na sehemu nyingine za mwambao, ni cha aina nyingine na hushambulia zaidi kibofu. Dawa ya prazikwanteli huwaua minyoo wa aina zote mbili, lakini makovu ya zamani huenda yasifutike yote, na ndiyo maana anayeishi kando ya ziwa hapaswi kungoja tumbo livimbe ndipo apimwe.

Kifua kikuu nacho hakikai kifuani peke yake. Kikishambulia utando wa tumbo, huleta maji, homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, pengine bila kikohozi hata kimoja, na makohozi yakipimwa huweza kutoonyesha kitu. Ugonjwa huu hutibika kwa dawa zile zile za miezi sita, jambo linalofanya kuutambua kuwa muhimu kuliko magonjwa mengi, hasa kwa kuwa unafanana kwa karibu na saratani ya ovari.

Ovari ni viungo viwili vidogo vilivyo pande mbili za mfuko wa uzazi, ambavyo hutunza na kukomaza mayai ya mwanamke. Saratani inayoanzia humo iliwahi kuitwa muuaji asiye na dalili, lakini uchunguzi wa daktari Barbara Goff wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2004 na kuendelezwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba wanawake wengi walikuwa na dalili, ila zilikuwa za kawaida mno kiasi cha kutopewa uzito: tumbo kujaa au kuongezeka, maumivu ya tumbo au nyonga, na kushiba upesi baada ya matonge machache. Alichokigundua ni kwamba tofauti iko katika upya na wingi wa dalili. Zikiwa zimeanza ndani ya mwaka mmoja na kutokea zaidi ya siku 12 kwa mwezi, uwezekano wa saratani huongezeka na uchunguzi hustahili. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2011 na taasisi ya NICE ulifuata njia hiyo hiyo, ukaongeza kwenda haja ndogo mara kwa mara, na ukasisitiza kwamba mwanamke wa miaka 50 au zaidi anayepata kwa mara ya kwanza dalili zinazofanana na utumbo wenye kukereka achunguzwe saratani ya ovari, kwa sababu ugonjwa wa utumbo wenye kukereka ni nadra kuanza katika umri huo. Takwimu za Marekani zinaeleza kwa nini haraka inahitajika: saratani hiyo ikigunduliwa ingali ndani ya ovari, zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano, lakini ikiwa imesambaa mbali ni takriban 3 tu kati ya 10.

Kipimo cha damu kiitwacho CA-125 husaidia, lakini hakiamui peke yake, maana hupanda pia kwa wenye uvimbe wa kawaida kwenye kizazi, kwa wajawazito na kwa wenye kifua kikuu cha tumbo. Mwanamke mwenye maji tumboni na CA-125 iliyopanda anaweza kuambiwa ana saratani iliyoenea, kumbe ana ugonjwa unaoponyeka kwa vidonge. Kipande kidogo cha utando kikichukuliwa na kutazamwa kwa hadubini ndicho humaliza ubishi. Ule uvimbe wa kawaida wa kizazi, fibroidi, ambao huwapata wanawake weusi zaidi kuliko wengine, unaweza kukua hadi kulijaza tumbo zima bila kuwa saratani. Na mimba, ingawa ni jambo lililo wazi, imewahi kutibiwa kama gesi mara nyingi kiasi kwamba kila mwanamke wa umri wa kuzaa anayejaa tumbo hupaswa kupimwa mkojo kwanza, awe ameolewa au la. Katika jamii nyingi za mwambao dalili hizi zote huitwa chango na kupewa dawa za mizizi kwa miezi. Huo ndio muda ambao ugonjwa unaotibika hupita na kuwa usiotibika.

Kwa watoto maelezo yanaweza kuwa mafupi, kwa sababu kanuni ni kali zaidi. Mtoto mdogo mwenye afya huwa na tumbo la mviringo, lakini tumbo kubwa pamoja na miguu kuvimba na nywele kubadilika rangi ni kwashakoo. Tumbo lenye kitu kigumu upande mmoja huweza kuwa bandama lililovimba kwa malaria au selimundu, au uvimbe wa saratani, mmojawapo ukiwa ule ambao Burkitt aliuelezea kutoka hospitali ya Mulago mwaka 1958 na ambao hadi leo una jina lake. Mtoto wa namna hiyo hapewi dawa ya minyoo na kusubiriwa, hupelekwa hospitali.

Kuna hali moja isiyongoja hata asubuhi. Tumbo likivimba ghafla, likauma kwa mikazo, mgonjwa akatapika, na asitoe choo wala hewa, utumbo umeziba au umejisokota, tukio linaloonekana Afrika Mashariki zaidi kuliko Ulaya. Damu ikikosa kufika katika sehemu iliyojisokota, sehemu hiyo huanza kufa katika muda wa saa chache, na kumpa mgonjwa haluli au chumvi ya kuharisha wakati huo ni kumwongezea hatari.

Nje ya dharura hiyo, mtu ambaye tumbo limemjaa siku nyingi kwa zaidi ya wiki tatu amekwisha kustahili kuonana na daktari, na asingoje hata wiki hizo ikiwa anakonda bila kukusudia, ana damu katika choo au choo cheusi kama lami, macho yamegeuka manjano, anashindwa kumeza, anatapika mara kwa mara, ana homa au jasho la usiku, ameambiwa ana upungufu wa damu, au anapapasa kitu kigumu tumboni. (Choo cheusi hutokea pia kwa anayemeza vidonge vya chuma, jambo ambalo daktari lazima aelezwe.) Uzito wa dalili hizo huongezeka kwa mtu aliyevuka miaka 50 na kwa yule ambaye mama, dada au shangazi yake aliugua saratani ya ovari au ya matiti.

Kinachochelewesha wengi ni duka la dawa. Mgonjwa hueleza gesi, muuzaji humpa dawa ya kupunguza asidi, nafuu ya siku mbili huja na kuondoka, na mzunguko huo hurudiwa hadi mwaka upite, kila mara kwa fedha kidogo ambazo zikijumlishwa zingelipia vipimo. Anayekwenda kwa daktari na aende na majibu ya maswali atakayoulizwa: lini tumbo lilianza kujaa, linajaa siku ngapi kwa mwezi, linapungua usiku au halipungui, uzito umebadilika vipi, na dawa zipi zimekwisha kutumika. Naye daktari anatarajiwa kumlaza mgonjwa na kulipapasa tumbo lake, wala si kuandika cheti akiwa ng'ambo ya meza. Hata hivyo mkono nao una mpaka wake, kwani kwa kawaida huyatambua maji yakishafika takriban lita moja na nusu, ilhali ultrasaundi, ambayo haiumi na huchukua dakika chache, huyaona yakiwa mililita 100 tu. Mwenye tumbo lisilopungua asikubali kurudi nyumbani na dawa ya gesi kabla ya kupigwa picha hiyo.